Ubaridi Chini ya Mahindi ya Mama

Nimezunguka sana tangu nitoke Sumbawanga, na kila ninapofika mahali penye joto huangalia kwanza chini, udongo ukoje. Siku hizi joto linazidi kila mwaka, kwa hiyo naangalia mara nyingi. Tabia hiyo nimeitoa kwa mama.

Ilikuwa miaka ile biashara ya mahindi ilipoachiwa huru, wanunuzi wakatufikia vijijini na malori. Kila mtu alitaka shamba kubwa, lililolimwa haraka kwa plau la ng'ombe. Mama, mjane, aligoma. Mvua zilipokaribia kuisha aligeuza nyasi mbichi kwa jembe, akazifukia ndani ya vilima vidogo vya udongo tunavyoviita intumba. Zikaozea humo kiangazi chote. Mvua mpya zilipoanza alivisambaza vile vilima, akapanda mahindi.

"Mama, unazika nani kila siku?" alimtania jirani yetu, mfugaji aliyehamia kutoka Usukumani.

"Nazika uvivu wako. Pita na ng'ombe wako, wao wana adabu."

Mjomba, mdogo wake mama, hakucheka. Alikuwa mnunuzi wa nafaka katika mji mdogo wa Laela, na alishasema mahindi yakifa mwaka ule, shamba litauzwa na mama atahamia kwake. Mama alikubali, kwa sababu kweli hatukuwa na chakula kingine.

Januari mvua ikakata. Uwanda wetu, ambako asubuhi hatuachi sweta, ukawa wa kukimbilia vivuli. Siku moja nilikatiza shamba la jirani, lililolimwa kwa plau, bila viatu, nikalivuka nikirukaruka. Udongo ulikuwa mkavu kama majivu, na joto lilipanda kutoka chini likanipiga usoni. Nilipoingia kwenye mahindi ya mama, hewa ilibadilika. Nilichimba kwa kidole, nikakuta ubichi, na nyasi nyeusi zilizooza zimeshika maji.

"Jua likikuta maji kwenye udongo, linahangaika nayo kwanza," mama alisema, akipalilia. "Yakiisha, linatugeukia sisi."

Sijasikia maelezo ya joto yaliyonikaa vizuri kuliko hayo.

Mjomba alikuja na lori kabla mvua haijarudi, na kamba za kufungia vitanda.

"Shikamoo dada. Vyombo viko wapi?"

"Marahaba. Njoo kwanza huku shambani."

Aliingia katikati ya mahindi ya kijani, akafungua vifungo vya shati. Akafinyanga udongo kiganjani, ukashikana. Akakaa chini. Alikaa mpaka dereva akapiga honi.

"Mjomba wako amelala huko?" dereva aliniuliza.

Mjomba alitoka akikunja kamba zake. "Mwakani nifundishie mke wangu hizi intumba," alimwambia mama.

"Na wewe utashika jembe?"

Alirusha kamba ndani ya lori, akapanda. Lori liliondoka bila vitanda. Mahali pa vitanda nilikaa mimi, nikienda kumsaidia mjomba kazi Laela, kisha Tunduma, na sijatulia tangu siku hiyo. Nilipogeuka kutazama nyuma kutoka juu ya lori, mama alikuwa ameshainama tena, miguu yake mitupu ndani ya udongo wake wa baridi.