Jagi la Asia na Watu wa Vijiko

"Wifi, uliniambia simu itaniletea wateja. Imeniletea vijiko."

Asia aliyasema hayo bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa alichokuwa akichujia asali. Firdausi, dada wa mumewe, alikuwa ndiyo kwanza ameshuka basi la kutoka Kasulu. Vumbi lilikuwa bado limemkaa kwenye kope, na maji ya kunywa alikuwa hajapewa. Kwa watu wengine mgeni huulizwa habari za safari. Kwa Asia, mgeni mwenye kosa huulizwa kosa kwanza, na safari itaulizwa kama nafasi itabaki.

"Vijiko gani tena?"

"Vya kulambia asali yangu. Wanunuzi siwaoni. Walambaji wamejaa mpaka nimekosa pa kuwakalisha."

"Sasa mimi nilikuambia ugawe?"

"Uliniambia nionyeshe. Asali ikionwa huonjwa. Au huko Kasulu mmeshasahau?"

Firdausi alikuwa hajasahau, akaanza kufungua viatu.

Asia ni mtu wa Murungu, na mama yake alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza hata miaka ya njaa. Aliyeona asali ikimiminwa lazima aonje. Awe mpita njia, awe mtu mliyetukanana jana, anyooshewe kijiko. Ukimnyima ataondoka na jicho lake, na nyuki nao watauhama mzinga. Kwa hiyo kwao asali humiminwa ndani, mlango umefungwa, na jirani mwenye adabu akisikia harufu hapigi hodi. Sasa Asia, mwanamke mzima mwenye akili zake, alisimama uani mchana kweupe, akamimina asali kutoka ndoo hii kwenda ile, uzi mrefu mwekundu ukimeremeta juani, akajirekodi, akaiweka video kwenye status ili kila mwenye namba yake aione.

Wakaiona. Wakaja.

"Mama Tamimu, mwakeye. Nimeuona ubuki wako kwenye simu," wa kwanza alimwamkia Asia kwa Kiha, asali akiiita ubuki, kijiko tayari kiko mkononi.

Akaja fundi cherehani. Akaja mke wa mwalimu, ambaye kwa kawaida hana muda hata wa kuitikia salamu. Mmoja alileta kikombe, akadai vijiko vyake vyote vina wali. Bibi wa nyumba ya tatu hana simu kabisa, lakini alionyeshwa kwenye simu ya mtu, na hilo nalo likahesabika kuwa ni kuona. Asia aliwagawia wote akiwa amekunja uso, kwa sababu sharti la mama yake linataka kijiko, halitaki tabasamu.

Kabla hujamcheka, ujue alikuwa amebanwa wapi. Miaka yote alikuwa na kibanda chake karibu na soko la Kibondo, lakini asali yake nyingi ilikwenda kwa mtu mmoja tu, mfanyabiashara wa Mwanza. Huyo akija na gari anabeba ndoo zote, hata harufu haibaki. Msimu huu hakuja. Simu yake ikawa haipatikani, kisha ikawa inapokelewa na mtu mwingine asiyejua asali wala Kibondo. Ndoo zikabaki chumbani, zimepangwa mpaka zimeziba dirisha, na mumewe Abdulrahmani akawa analala ubavu mmoja kwa kukosa mahali pa kuweka wa pili.

"Asali haiozi," watu walimpoza.

Ni kweli haiozi. Lakini Makarius ana miguu. Makarius ndiye mrina asali wa Murungu anayemletea Asia, na wala si mtu wa kudai. Siku aliyopita pale kusalimia, alizitazama zile ndoo, akazigonga moja moja kwa kidole kilichokunjwa. Zote zikajibu kwa sauti nzito ya kushiba.

"Mama Tamimu," akasema, "mimi asali mpya siileti juu ya asali ya zamani. Baba yangu hakufanya hivyo, babu yangu hakufanya. Nikirina tena nikakuta hizi bado zimejaa, nitapeleka Kakonko. Kuna mama ananiomba."

"Mama gani?"

"Usimtafute."

Asia alikosa hamu ya kula siku ile. Asali ya Makarius ndiyo iliyompa jina sokoni. Makarius hapulizii moshi ovyo mzinga wake, na sega changa anawaachia nyuki wenyewe. Asali hiyo ikienda Kakonko, Asia angebaki kuuza ile inayokorogwa na sukari guru, ambayo ameitukana hadharani miaka yote, mbele ya wanaoiuza.

Hapo ndipo Firdausi alipoleta ushauri. Yeye ana duka la vitenge Kasulu, na simu haimtoki mkononi isipokuwa akisali. "Wifi, siku hizi biashara iko mtandaoni. Weka picha, watu watakufuata wenyewe." Akamfungulia na Facebook kabisa.

Kule Facebook kulikuwa na nafuu kidogo kuliko uani, kwa sababu watu wa kule walishindwa kufika na vijiko. Lakini midomo walikuwa nayo. Mmoja aliandika, "Asali nzuri, na muuzaji pia." Mwingine aliandika hiyo ni sukari imechemshwa, anaijua, kwao wanapika. Mtu wa Arusha aliuliza bei, akajibiwa. Akauliza kama inapungua, ikapunguzwa. Akauliza ndoo ina mfuniko, akapigiwa picha ya mfuniko. Mwishowe akaandika, "Sawa dada, nilikuwa naulizia tu." Asia aliitazama ile sentensi mpaka simu ikazima yenyewe.

Basi hayo yote ndiyo aliyokuwa anamshushia wifi yake pale uani.

"Na mlambaji wa kwanza ni wewe," akaendelea. "Jagi langu liko wapi?"

Lilikuwa jagi la bati, jeupe, lina maua mekundu ubavuni, la tangu harusi yake. Firdausi alipokuja mara ya mwisho alilijaza asali, eti ya kuonja, akapanda nalo basi.

"Mchovya asali hachovyi mara moja, wifi."

"Anachovya kidole. Wewe ulichovya jagi."

Abdulrahmani alitoka ndani wakati huo, akapita katikati ya mkewe na dada yake kama mtu anayepita chini ya mzinga, kimya, bila kupunga mikono, akaenda zake msikitini ingawa adhana ilikuwa bado.

"Jagi lako liko kazini," Firdausi akasema.

"Kazini? Jagi langu limepata ajira na mimi sina?"

"Lipo dukani kwangu, juu ya kaunta. Ungeniacha niseme…"

"Usiseme, lirudishe. Kwetu chombo cha mtu hakihamii."

Firdausi angeeleza zaidi, lakini nani alimpa nafasi? Alikunywa maji, akaenda kumjulia hali jamaa aliyelazwa, ambaye hasa ndiye aliyemleta Kibondo, akarudi Kasulu na basi la mchana. Huku nyuma Asia alichukua simu akafuta video, akafuta picha ya ndoo, akafuta na ile ya mfuniko. Akajisikia kama amefagia ua baada ya wageni. Akasema mtandao ni soko la macho, na macho hayana mfuko.

Haukupita muda mrefu, simu ikaleta ujumbe wa sauti kutoka namba ngeni. Alikaribia kuufuta nao. Alipoubonyeza, ikatoka sauti ya mwanamke, nene, imejaa Kongo.

"Jambo mama. Miye ni Arielle, niko huku kambini Nyarugusu. Ninauzishaka keki. Nilihitaji asali yako ya mu ndoo, moja ya kuanzia. Unaitumaka namna gani?"

Asia alishajifunza. Akarekodi jibu lake kwa sauti kavu. "Nani kakupa namba yangu? Na ile video nimefuta. Kama unaulizia tu, ulizia kwingine."

Jibu likarudi na kicheko ndani yake. "Video miye sikuona, mama. Miye nililamba. Walinipa ruhusa ya kwenda Kasulu kwa daktari, nikapita kwa mama Firdausi kutafuta kikwembe, ile munaita kitenge. Ile asali haina moshi. Nililamba kijiko, nikarudilia, mama Firdausi akaniangalia vibaya."

Asia aliirudia sauti ile mara mbili, kisha akampigia wifi yake. Safari hii alimwacha aseme.

Mambo yalikuwa hivi. Firdausi naye aliiweka ile video kwenye status yake, na Kasulu nako kuna Waha wenye sharti lile lile. Wateja wake wakaanza kuingia dukani. "Mama, nimeiona asali." Wengine walikuwa wametoka nyumbani na vijiko kwenye mkoba. Naye ni mtoto wa watu, angewanyima vipi? Akaliweka jagi kwenye kaunta, vijiko kwenye glasi ya maji ya moto. Ila Firdausi ni mfanyabiashara mpaka kwenye kucha. Huchovyi mpaka umeshika kitenge mkononi. Na ukishalamba ukauliza inatoka wapi, unapewa namba ya Asia. Waliolamba wakarudi kwao, kila mmoja akashika simu yake, akawaambia watu wake kwa mdomo wake. Arielle alilisimulia kundi zima la kwaya yake.

"Ndiyo nilikuwa nakuambia liko kazini," Firdausi akasema. "Na vitenge vimetoka pia, usifikiri nilijitolea."

Ndoo ya kwanza ikapanda basi hadi Kasulu, akaipokea Firdausi, na Arielle akaichukua alipopata ruhusa nyingine. Kisha kwaya nayo ikataka yake. Muuguzi mmoja wa Kasulu akaagiza. Mwenye hoteli akaagiza, akasema chai ya wageni wake imekosa heshima siku nyingi. Halafu likatokea jambo ambalo Asia analisimulia akiwa ameangalia pembeni, maana kukiri hakumjii kirahisi. Mke wa mwalimu, yule asiye na muda, alikuwa amewaambia dada zake Kigoma kwenye kundi lao la familia, "Nimeilamba mwenyewe kwa mama Tamimu, uani kwake, tena alininunia." Dada zake wakataka ndoo. Fundi cherehani naye alikuwa ameshamwambia shemeji yake. Vile vijiko alivyovilaani vilikuwa vimetembea kuliko video.

Tangu hapo Asia akawa na swali moja kwa kila namba ngeni: "Umeonjea wapi?" Mwenye jibu anahudumiwa. Asiye na jibu anaelekezwa palipo na jagi. Yule wa Arusha alirudi tena. "Dada, bado ipo?" Asia akamwandikia, "Ipo. Kama una ndugu Kasulu, mtume akalambe kwanza, halafu tuongee kama watu." Mpaka leo anamtafuta ndugu.

Ukimuuliza Asia kama mitandao inafaa kwa biashara, hakatai tena. Anakuambia inafaa kama basi linavyofaa, linafikisha mzigo. Lakini mtu hanunui basi akidhani limekuja na mzigo ndani.

Makarius alikuja asubuhi moja na mkokoteni, mzigo umefunikwa majani mabichi. Hakuingiza kitu. Alisimama mlangoni kwanza, akavuta harufu, akaenda kwenye zile ndoo akakunja kidole. Ya kwanza ikalia ngo. Ya pili ikalia ngo. Akazipitia zote, zikalia kama ngoma kavu, mpaka ile ya dirishani, ambayo sasa ilikuwa pembeni na mwanga unaingia chumbani kama zamani.

"Kakonko watanisamehe," akasema.

Asia alikuwa amejiandalia maneno makali ya siku hiyo, yote yakamtoka kichwani. Alijikuta amekaa juu ya ndoo tupu, anacheka bila sababu ya kumwambia mtu. Abdulrahmani alimletea maji. Asali mpya ikaanza kushushwa.

Wiki hiyo hiyo kondakta wa basi la Kasulu alimpelekea mfuko. Ndani mlikuwa na jagi, jeupe, maua yake mekundu, limeoshwa likang'aa. Asia alilipindua. Akalitikisa. Hakukuwa na kitu ndani. Kwao chombo cha mtu hakirudi kitupu, hata uweke chumvi kidogo, hata uweke maharage ya kufunika kitako. Akampigia wifi yake kabla kondakta hajatoka mlangoni.

"Firdausi. Umenirudishia jagi tupu."

"Nimerudisha?" Firdausi akasema. "Nimelituma lijazwe. Watu wamepanga mstari hapa dukani, wanalamba vijiko vikavu. Lile jagi la kwanza la asali nitalilipa, wifi, naapa. Kitenge kipo nimekuwekea."

Asia aliliweka jagi mapajani. Alifikiria maneno mengi ya kumrushia, na kwa kweli aliyokuwa nayo yalikuwa mazuri.

"La kwanza lishaisha," akasema. "Lilishajilipa lenyewe. Kitenge uza."

"Kweli, wifi?"

"Usiniulize mara mbili, nitabadilika. Na safari yako ile ya siku ile, sikukuuliza. Ulifika salama?"

"Nilifika," Firdausi akasema, na sauti yake ikawa laini kidogo.

Asia alimwambia kondakta asubiri, akachukua jagi, akalipeleka uani juani, akafungua ndoo mpya. Mlango aliuacha wazi. Uzi mwekundu ulipoanza kushuka, bibi wa nyumba ya tatu alikuwa anapita, akasimama, akaanza kupapasa mfuko wa gauni lake.

"Njoo, bibi," Asia akamwita. "Ila leo kijiko chako kiwe kidogo."