Hereni ya Kwenye Firigisi

Naomba niwahi kuisimulia habari hii mwenyewe, kwa sababu huku mtaani kwetu Nzuguni imeshasimuliwa sana na kila anayeisimulia ananiongezea ujinga ambao sikuufanya, wakati ule niliofanya unatosha kabisa. Mpaka leo nikikaa kwa kinyozi lazima atokee mtu wa kuniuliza, kwa sauti ya upole kabisa, "Baba Janeth, hujaokota kitu?" na banda zima linacheka, na mimi nacheka nao huku masikio yananiwaka moto.

Nianze na kazi yangu, maana ndiyo iliyoniponza. Niko masijala, kule ofisini majalada yanakotunzwa, na kwetu hapewi mtu jalada kwa kusema "lile la juzi la kijani". Unaeleza ni la nani, linahusu nini, mimi natikisa kichwa, ndipo nainuka kwenye kiti. Nimefanya kazi hiyo mpaka imeniingia kwenye damu, hata mke wangu Anna akiniomba chumvi namuuliza ya mawe au ya unga. Halafu pamoja na utaratibu huo nina udadisi usio na dawa. Nikiona watu wawili wananong'ona ng'ambo ya barabara, nitavuka.

Sasa ikawa Jumapili ya mavuno. Kanisani kwetu siku hiyo kila mtu anatoa alichojaliwa, mtama, karanga, alizeti, maboga, mayai, kuku, hata mbuzi, na ibada ikiisha vitu vyote vinapigwa mnada pale nje chini ya turubai na kinachopatikana ni cha kanisa. Desturi ni kwamba ukishakiweka kitu mbele hakina jina tena, husimami kusema lile boga ni langu, na anayenunua haulizi limetoka kwa nani. Mimi nilikwenda kununua karanga tu. Lakini kulikuwa na jetea mmoja, kuku jike mkubwa, tena kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, na jamaa mmoja wa ofisini kwetu akawa anamtaka, na kila akipanda nami napanda (wala sikuwa na hamu ya kuku, nilikuwa na hamu ya yule jamaa kushindwa), mwisho nikaondoka na kuku kwa bei ambayo Anna hajaambiwa hadi leo.

Anna ni muuguzi na wakati huo alikuwa Kongwa kwenye semina, na Janeth yuko bweni, kwa hiyo nilimchinja mwenyewe na kumpika mwenyewe. Nilipopasua firigisi ili niitoe ile ngozi ya njano ya ndani, kisu kikagonga kitu. Nikadhani ni jiwe. Kulikuwa na punje za mahindi, kipande cha chupa kilicholainika, mchanga, na katikati ya uchafu wote huo hereni moja ya dhahabu yenye kijiwe chekundu, ndogo, nzito kuliko ilivyoonekana. Niliiosha, nikaikausha kwa shati, nikaisogeza dirishani. Wallahi nilisahau kuku jikoni, na nusu yake niliila imeungua.

Nikampigia Anna. Akaniambia maneno ambayo ningeyafuata nisingekuwa na la kuwasimulia leo: "Mpelekee Mzee Chilongani, mwambie ni hereni, imetoka kwenye kuku wa mnada, yeye atauliza kuku alitolewa na nani. Usijifanye polisi."

"Nikisema ni hereni, mke wangu, kesho wanawake wote wa usharika wamepoteza hereni."

"Na usiposema?"

"Aliyepoteza atakuja kuieleza mwenyewe."

Na kweli, niambieni, hapo nilikosea wapi? Mimi niliona ndiyo haki yenyewe. Niliiweka kwenye glasi, glasi nikaiweka kabatini, na Jumapili iliyofuata Mzee Chilongani, ambaye ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu, akasoma kwenye matangazo kwamba ndugu yetu Baba Janeth ameokota kitu cha thamani, aliyepoteza amfuate nyumbani akakieleze.

Jamani, watu wamepoteza vitu! Sikujua. Alikuja dereva wa bodaboda kuulizia leseni yake, akaja mwanafunzi wa chuo anayetafuta flashi yenye utafiti wake wote (huyu alilia kidogo, nikampa chai), akaja mzee mmoja kuulizia kengele ya ng'ombe iliyopotea Chamwino wakati yeye bado kijana. Nikamwambia mzee wangu, Chamwino na hapa ni mbali. Akasema anajua, ila ameona aulize. Akaja Bibi Ndahani, bibi wa Kigogo wa nyumba ya kona, nikamwamkia shikamoo, akaitika, akakaa, akaniambia yeye hajapoteza kitu, amekuja kukiona.

"Bibi, hakionyeshwi. Kinaelezwa kwanza."

"Sasa nieleze nini na mimi sijakiona?"

"Ndiyo utaratibu."

"Ni cha masikioni?" akauliza, akanivutia ndewe ya sikio lake lililotobolewa zamani, tundu linalopitisha kidole. "Kama ni cha masikioni si changu, kitadondoka." Kisha akacheka sana, akanywa chai yake, akaenda zake.

Nakiri nilianza kuipenda ile hali. Nilikuwa natoka kazini mbio ili nisimkose mtu. Kila mmoja alikuja na hadithi, na nikagundua wengi hawakutegemea kabisa kwamba kitu changu ni chao. Walitaka tu pawe na mtu wa kuwauliza kilikuwaje, kilipotea wapi, walikitafuta kwa muda gani. Nikawa nauliza. Hereni imekaa kabatini, mimi nakusanya hadithi za watu, na wiki zinakatika.

Wakati huohuo mtaani kulikuwa na habari nyingine ambayo niliisikia kwa sikio moja. Mama Irene, jirani yetu wa nyuma, ameibiwa dhahabu. Ilivyonifikia mimi ilikuwa seti nzima, mkufu, bangili, pete na vinginevyo, vya marehemu mama yake, na inasemekana mwizi ni Mama Zawadi, yule mama wa Chamwino anayefua nguo za nyumba nyingi hapa mtaani, kwa sababu siku vilipopotea ndiye aliyekuwa anafua pale uani. Mama Irene akamwambia asirudi. Nilisikitika, nikasema dunia imeharibika, nikaendelea na shughuli yangu ya kumtafuta mwenye hereni moja. Mnaona nilivyo na akili? Seti nzima imeibiwa kule, hereni moja imeokotwa huku, na mimi naona ni mambo mawili yasiyojuana.

Basi mchana mmoja wa Jumamosi nikasikia hodi. Ni Mama Zawadi mwenyewe.

"Karibu, pita ndani."

"Sipiti, Baba Janeth. Nina neno moja tu. Hicho kitu ulichookota ni hereni?"

Nilishtuka. Watu wote wale, na ukimtoa bibi na utani wake, hakuna aliyekaribia. "Ni yako?" nikamuuliza.

"Si yangu."

"Ya nani basi?"

"Ukiniambia ndiyo, nitakuambia ni ya nani."

"Utaratibu hauko hivyo, mama. Mwenye mali aje mwenyewe."

"Hatakuja," akasema, na alikuwa ameshika mlango kwa mkono ulionyauka kwa sabuni. "Yeye hasemi imepotea."

Mimi huyu, mtu wa kuvuka barabara kusikiliza minong'ono, sikumuuliza swali moja lililobaki: kama hasemi imepotea, anasemaje? Nilikuwa najiuliza jambo jingine, kwamba mwanamke huyu amejuaje. Nikamwambia pole, mwambie aje. Akasimama kidogo kama mtu anayetafuta maneno katika Kiswahili, akayakosa, akaondoka.

Na kesho yake nikiwa kwa kinyozi, Mzee Chilongani yuko pembeni anasubiri zamu, nikasema (sikumtaja jina, najisifia hilo) kwamba kuna mama mmoja anayefua nguo amekuja kukieleza kile kitu utadhani alikuwa nacho mkononi, na bado anasema si chake. Alisema neno moja tu, "hereni", lakini kwenye kile kiti neno moja likawa maelezo kamili. Kinyozi akazima mashine. "Anayefua?" akasema. "Anajua kilivyo, na si chake?" Hapo hakuhitaji mtu kutajiwa jina. Kufikia katikati ya wiki nyumba zote alizokuwa anafua zilikuwa zimemwambia asubiri kwanza, na mimi sikujua, au tuseme sikuuliza.

Jumamosi iliyofuata sala za jumuiya zilikuwa zamu ya nyumbani kwangu. Anna alikuwa amerudi, mandazi yamepangwa, mikeka imetandikwa, watu wamejaa mpaka mlangoni, na Mama Zawadi naye amekuja, amekaa karibu kabisa na viatu. Tulipofika kwenye shukrani Mama Irene akasimama, macho yamemvimba. Akasema anamshukuru Mungu na anamshukuru Baba Janeth, kwa sababu yeye alibaki anasema ameibiwa bila ushahidi, sasa Mungu ameleta shahidi, na anaomba nisimame niseme mwizi aliniambia nini.

Watu wote wakanigeukia. Na mimi, badala ya kuuliza mwizi gani, nikajisikia vizuri! Nikainuka, nikaenda kabatini kwa mwendo wa mtu aliyefanya kazi ya maana, nikarudi na glasi.

"Ni hii?" nikasema.

Mama Irene akapiga yowe. "Ndiyo hii! Ya mama yangu! Yeye ndiye aliyekuletea?"

"Nani?"

"Huyo hapo!"

"Hapana," nikasema. "Hii niliikuta kwenye firigisi."

Anna akajifunika uso kwa kanga.

"Firigisi gani?" akauliza Mzee Chilongani.

"Ya kuku. Wa mnada. Yule kishingo."

Mama Irene akakaa chini taratibu. "Yule jetea ni wangu," akasema. "Nilimtoa mimi." Halafu, kwa kipandepande, ikatoka yote: siku chache kabla ya mavuno alivua hereni zake uani ili aoshe nywele, akaziweka kwenye kigoda, kuku wanazungukazunguka, aliporudi akakuta moja. Moja! Hiyo moja ndiyo aliyomdai Mama Zawadi, seti nzima ni maneno ya mtaa, na hakuna aliyekuwa amejiuliza ni mwizi gani anaiba hereni ya sikio moja na kuacha ya pili. Na alipotangaziwa kanisani kwamba kuna kitu kimeokotwa, hata hakunyanyua kichwa, kwa kuwa yeye alikuwa ameibiwa, na aliyeibiwa haendi kwa mtu aliyeokota.

"Kwa hiyo, mjukuu wangu," Bibi Ndahani akauliza kutoka pembeni, "mwizi ulimla?"

Nyumba ikalipuka. Watu walicheka wakagongana mabega, Mzee Chilongani akatoa leso, na mimi (Mungu anisamehe) nikacheka nao. Nikacheka mpaka nikamwona Mama Zawadi. Alikuwa amenyoosha mkono anaomba glasi. Nikampa. Akaitoa hereni, akaigeuzageuza kwenye kiganja, akaitazama kwa muda kwa udadisi kama wa mtu anayekiona kitu mara ya kwanza, na nikaelewa kwamba kitu kile hakikuwahi kufika mkononi mwake. Akampa Mama Irene.

"Nilikuja kukuuliza," akaniambia.

"Ulikuja."

"Ukaniambia utaratibu."

Mama Irene alikuwa analia, akamshika miguu, Mama Zawadi akamwinua. Mzee Chilongani akapendekeza tuombe. Mama Zawadi akasema kuomba tutaomba, ila yeye nyumba zilizomsimamisha anazitaja, na anaomba walioyaanza maneno wakayamalize wenyewe, mlango kwa mlango.

Basi ndiyo hivyo, ndugu zangu. Mimi na Mama Irene tukazunguka mtaa mzima mchana kweupe, yeye na hereni masikioni zote mbili, mimi na mdomo wangu, na kila mlango nilitakiwa kueleza kuanzia mnada mpaka firigisi. Walicheka kila mahali. Nyumba moja mama alimwita mume wake atoke bafuni nirudie. Na nyumba hiyohiyo, alipomaliza kufuta machozi ya kicheko, akatuambia kwa wema kabisa kwamba wameshapata mtu mwingine wa kufua, mzuri tu, hawana sababu ya kumwondoa. Nyumba ya pili wakasema hivyohivyo. Nilijaribu kubembeleza, lakini ningesema nini? Ukweli nilikuwa nao kabatini muda wote ule wakati ulipohitajika.

Waliobaki walimrudisha. Lakini hawakutosha, na siku hizi anavuka barabara kuu kwenda kufulia watu wa upande wa pili, anatoka mapema na kurudi amechoka. Tulimpelekea soda na mchele kuomba radhi, akavipokea, akashukuru. Tukikutana ananisalimia vizuri, na Anna akimkaribisha anasema atapita siku nyingine.

Bado nasema mtu akiokota kitu akirudishe, hilo sijabadili. Ila nimeapa, na nyie ni mashahidi wangu, kwamba nikiokota tena hata kifungo cha shati, sitakaa kusubiri aliyekipoteza aje kunieleza. Nitatoka siku hiyohiyo kuuliza ni nani anayelaumiwa kukichukua.