Mafuriko ya Nyumba Moja

Wasomaji wangu, mmewahi kunisifu kwamba ninajua kuandika habari za maji. Basi pokeeni na haya.

Mwezi uliopita Mto Lulu ulifura, na Guangzhou nzima, huku Uchina, ikajiandaa. Dada Mwanaidi, mfanyabiashara wa Dar anayenihifadhi kwake, alikuwa na marobota ya magauni ya watoto sebuleni, mtaji wake wote.

"Mdogo wangu, nakwenda soko la Shahe kutafuta gari la kuyahamisha. Wewe yapandishe kitandani."

Kitandani nilipandisha mswada wa riwaya yangu. Marobota yalikuwa mazito, nami nilikuwa na akili nyingi. Niliziba tundu la bafuni, maji machafu yasije yakapanda. Nikafungua bomba nijaze ndoo, kumbe maji yamekatwa. Nikaliacha wazi, kama tufanyavyo Dar, ili yakirudi tuyasikie. Kisha nikatoka, nikaziba mlango kwa nailoni na mifuko ya mchanga, hata sisimizi asipite. Nikaenda kuutazama mto, nipate maneno ya kuuandika.

Niliporudi, Dada Mwanaidi na dereva walikuwa mlangoni, uchochoro mkavu kabisa. Wakaondoa mifuko, wakasukuma mlango. Maji yakatoka ndani kwetu, mekundu kwa rangi ya magauni, yakatulowesha miguu. Bomba lilikuwa bado linaimba. Dereva alicheka. Dada alitazama kitandani, ulipolala mswada wangu, mkavu.

"Mto umeuona, mwandishi?" aliuliza. "Wangu ndio huu."