Benchi Tupu la Mama Kalamu

Mama Kalamu anakaa, anainuka, anakaa tena. Jua limeshapanda, na benchi lililo mbele ya meza yake barazani halina mtu. Anafuta meza isiyo na vumbi. Wanawake wawili wanakuja na ndoo kichwani. Wakimwona wanaanza kuzungumza kwa nguvu habari za maji, wanapita zao.

"Siku hizi wananisalimia kwa kisogo," anajisemea. Anacheka kidogo, kisha anaacha.

Kazi yake ni kuandikisha wanaohitaji msaada wa unga, maharage na mafuta, katika kijiji kilichozoea kuishi kwa pamba. Jina la Mama Kalamu alipewa na watoto, maana kalamu haimtoki kwenye nywele hata akiwa jikoni. Posho yake ya mwezi haifikii bei ya gunia la unga.

Leo hatulii kwa sababu mkaguzi kutoka ofisi ya msaada anakuja jioni kuchukua hesabu. Miezi miwili iliyopita walijiandikisha watu mia mbili na kumi. Mwezi huu hawajafika arobaini. Huko ofisini idadi hiyo ndiyo kipimo cha hali ya kijiji: wakipungua, basi watu wameinuka, na magunia yapelekwe kwingine. Mkaguzi ameshampongeza kwa simu.

Pongezi hizo ndizo zilizomnyima usingizi. Yeye anaishi hapo hapo. Anasikia mashine ya kusaga inavyokaa kimya siku tatu. Anamwona mwenye duka la ng'ambo ya barabara akikata mche wa sabuni vipande vya kuuza kimoja kimoja. Tangu kiwanda cha kuchambua pamba kifungwe, hata mbwa wamekonda.

"Sasa niambie, njaa imehamia wapi? Imepanda basi?" analiuliza benchi.

Wiki iliyopita, wajukuu wakingoja chakula kiive, aliwategea kitendawili cha kujitungia: nyumba yangu ikijaa, watu wana njaa; ikiwa tupu, wana njaa zaidi. Walishindwa. Jibu hata yeye hakuwa nalo.

Jibu lilikuja jana na wifi yake, mke wa kaka yake, aliyeingia kwa mlango wa jikoni na bakuli, akiomba chumvi. Ilikuwa mara ya tatu kwa wiki hiyo. Mama Kalamu akamtania kwamba kwa chumvi hiyo lazima anapika bahari. Wifi hakucheka.

"Meza yako umeiweka barazani, wifi, inatazamana na duka. Nikae pale benchini, kila anayenunua kiberiti aondoke na habari zangu?"

Meza ilitolewa nje mwezi uliopita kwa agizo la ofisi, ili kila kitu kiwe wazi na pasiwe na upendeleo. Kabla ya hapo ilikuwa kwenye chumba cha ndani, chenye mlango wa nyuma unaotokea shambani. Mtu aliingia kama anayekuja kuazima ungo.

"Na mimi nilifurahia upepo," anajisemea sasa. "Kumbe upepo wenyewe ulikuwa unapeperusha watu."

Saa nne anashindwa kuvumilia. Anashika meza upande mmoja, anaanza kuiburuta ndani. Mwenye duka anavuka barabara, anashika upande wa pili.

"Ruhusa unayo, dada? Kibarua kitaota nyasi hiki."

Anamjibu kuwa mkaguzi ataonyeshwa watu kwanza, ruhusa itafuata. Wanaingiza meza, kisha benchi.

Hapigi mbiu. Anamwambia wifi tu, naye wifi anakwenda kisimani, inatosha. Hadi adhuhuri wameanza kuingia kwa nyuma: huyu na ungo, yule na bakuli, mzee mmoja na jembe, eti linataka mpini, na mpini umo. Mama Kalamu anauliza kwa sauti ya chini, anaandika. Benchi linajaa, wengine wanakaa sakafuni.

Wifi anaingia wa mwisho. Mama Kalamu anaandika jina lake bila kumuuliza neno, kisha anamtilia chumvi kwenye bakuli.

Jioni pikipiki inasikika nje, inazimwa. Mkaguzi anaita barazani, hakuna meza wala mtu wa kumwitikia. Mama Kalamu ameshasimama, anarekebisha kanga, anachomeka kalamu kwenye nywele.

"Ninachotaka, benchi hili liwe tupu siku moja kwa sababu watu wameshiba," anawaambia waliokaa. "Siku hiyo nitalitoa nje mwenyewe, nilikalie, nipigwe na upepo."

Kisha anatoka kumwita mkaguzi, apite mlango wa nyuma.