Jogoo wa Mnada

Jirani anachemsha kuku wa kienyeji, na harufu imenirudishia jogoo mmoja wa kwetu Mandewa.

Alikuwa wa klabu ya akina mama waliokuwa wakichangia mabati ya zahanati. Kila Jumapili walimnadi. Aliyeshinda alilipa, akapigiwa vigelegele, kisha akamrudisha ili anadiwe tena. Kila mtu alijua hivyo, isipokuwa bibi yangu, aliyekuwa mgeni kutoka Kinampanda. Alishinda, akalipa, akaondoka na jogoo kwapani.

Jioni mwenyekiti wa klabu alikuja na mwenzake.

"Shikamoo mama. Tumemfuata jogoo wetu."

"Marahaba. Yuko jikoni, ameshaiva. Karibuni."

Walitazamana kama waliofiwa. Paa la zahanati lilikuwa bado nusu. Kisha wakanawa mikono.

Ilipobaki firigisi peke yake, mwenyekiti aliiinua kwa kijiko, akaanza kuinadi. Mwenzake akainunua, akairudisha bakulini. Mama yangu naye vilevile. Sisi watoto tulimeza mate.

Bibi akafungua pindo la kanga, akalipa, akaitia firigisi mdomoni.

"Na hii," akauliza huku akitafuna, "mtaifuata lini?"