Siku Bibi Alipoingia Uwanjani Kunituza

Harufu ya nyasi za plastiki zilizopigwa na jua hunipandisha hasira hadi leo. Juzi nilipita karibu na uwanja wa shule moja hapa Fridley, dirisha la gari likiwa wazi, ikanivaa ghafla: raba iliyoungua, krimu ya kujikinga na jua, mafuta mepesi ya kulainishia vali za tarumbeta, na jasho la kofia ndefu ambazo watoto walirithishana mwaka hadi mwaka bila mtu kuzifua. Jamaa zetu wa Mombasa hudhani Minnesota ni theluji tupu. Waje wasimame katikati ya uwanja mwezi wa Julai, saa nane za mchana, shingo zimenyooka, wamekatazwa kumfukuza hata mbu anayewanyonya shavuni, ndipo watajua. Mimi nilisimama hivyo kiangazi kizima nilipokuwa na miaka kumi na minne. Nilipenda kila dakika, na hilo ndilo linalonikera zaidi.

Kilikuwa kikosi cha ngoma na tarumbeta. Asiyevijua vikosi hivi asifikirie bendi ya shule inayochangamsha watu kwenye mpira. Hapa hakuna mpira, wapigaji wenyewe ndio mchezo. Mnafanya mazoezi tangu asubuhi hadi jua linazama, onyesho lile lile la dakika kumi na moja kwa msimu mzima, kila mtoto na daftari dogo shingoni lililoandikwa hatua zake zote, kisha mnapanda basi kwenda kushindana na vikosi vingine mbele ya waamuzi wanaokata alama kwa sababu ya goti lililochelewa. Katika kikosi chetu watoto weusi tulikuwa wawili, mimi na mpiga ngoma mmoja wa Saint Paul. Mimi nilipewa kipande cha peke yangu, pumzi nne ndefu za tarumbeta huku ngoma zote zimenyamaza. Wasichana wakubwa walikitaka, nikapewa mimi. Nilikuwa tayari kulala njaa kwa ajili ya pumzi zile nne.

Mkurugenzi wetu alikuwa mtu mrefu wa filimbi shingoni, mkali, na aliipenda historia kuliko chakula. Kila Ijumaa alituketisha chini ya jukwaa akatusimulia jinsi wanajeshi walivyorudi kutoka vitani wakakuta tarumbeta za jeshi zimelala ghalani hazina kazi, wakazichukua, wakaanzisha vikosi mitaani na makanisani, mtaa ukishindana na mtaa, sare zikizidi kumeremeta kila mwaka. Kisha humalizia kwa kutuambia, macho yamelowa, kwamba hakuna watu wengine duniani waliowahi kuzua kitu kama hicho. Nami nilikuwa nikiitikia kwa kichwa kama wenzangu.

Mwaka ule bibi yangu mzaa mama, Mwanaisha binti Athumani, alikuja kututembelea kutoka Mombasa, akakaa nasi kwa miezi mitano katika nyumba yetu ya kupanga. Mimi nilimwelewa kila neno na kumjibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa hapa, na Mama ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. Mama alipomsimulia habari za wanajeshi na tarumbeta zao, Bibi alicheka hadi akashika ubavu.

"Alaa! Hiyo si beni? Mwambie mwalimu wako si jambo jipya. Sisi twaipiga tangu babangu hajaoa."

Akanieleza. Baba yake alipiga tarumbeta katika chama cha beni cha Mji wa Kale. Nao walichukua kwa askari wa wakoloni, sare, vyeo na hatua za gwaride, wakavigeuza kuwa mchezo wao, chama kikishindana na chama hadi ndugu wa tumbo moja wakawa hawasemezani. Wanawake nao wakaingia na lelemama, ngoma yao wenyewe. Wenzenu wakipita mwaka huu na kijani, mwaka ujao nyinyi lazima mpite na hariri, hata kama nyumbani hakuna unga. Bibi alikuwa kiongozi katika chama chake. Akawa anakaa kwenye ngazi za jengo letu, mimi nikipiga katika maegesho ya magari, naye ananikosoa bila huruma. "Wapiga sawa," alisema siku moja, "lakini wapiga kama mtu amwogopaye jirani." Alikuwa amesema kweli, maana nilipopigia ndani jirani wa chini alikwisha gonga dari mara mbili. Yule mama mzee alikuwa anayajua mashindano ya tarumbeta kuliko mtu yeyote aliyewahi kukanyaga uwanja wetu, na mimi sikumwambia Mkurugenzi hata nusu neno. Niliona haya. Nasema wazi, niliona haya.

Sasa kuna ada moja ya kwetu ambayo lazima niieleze. Pwani, mpigaji akikukonga moyo hukai tu ukapiga makofi kama mgeni. Unainuka, unamwendea pale pale anapopiga, unamtuza. Wengine humbandika noti kwenye paji la uso. Watu wa chama cha Bibi walitoa leso mpya, wakamtupia mpigaji begani, naye hatakiwi kukatiza wimbo. Mpigaji akimaliza bila kutuzwa amerudi na aibu, na aibu hiyo si yake, ni ya ukoo wake uliokaa ukamtazama. Mkurugenzi kwa upande wake alikuwa na sheria. Wiki ya kwanza baba mmoja alivuka mstari mweupe kwenda kumpiga picha mwanawe, tukatangaziwa kwamba mtu wa familia akikanyaga tena uwanja wakati wa onyesho, mtoto wake anatoka mstarini. Nilimwambia Mama amweleze Bibi.

"Nitamwambia, baby, si leo," Mama akasema. Alikuwa msaidizi wa wauguzi katika hospitali ya Coon Rapids. "Leo nimefanya double, hata ku-drive nimeweza kwa rehema za Mungu tu."

Akasahau. Simlaumu. Mtu aliyefanya kazi saa kumi na sita hasahau, huzimika tu.

Mashindano ya nyumbani yalikuwa Jumamosi jioni, jua bado liko juu. Mama alitoka kazini moja kwa moja, akamfikisha Bibi langoni na tiketi yake, akamwambia anapumzika garini kidogo tu atakuja. Akalala fofofo. Bibi akaketi peke yake kwenye jukwaa, na buibui lake, katikati ya watu wenye viti vya kukunja na makopo ya soda. Tukaingia. Ngoma zikavuma, zikanyamaza, nikapiga hatua mbili mbele na kuanza kipande changu. Watu walitulia kabisa. Pumzi ya pili haijaisha nikasikia vigelegele.

Tulifundishwa kutogeuza macho, lakini pembe ya jicho haifundishiki. Nilimwona anashuka ngazi, anapita geti dogo, anavua ndara zake pembeni mwa uwanja, maana zile nyasi ziliwekwa kama zulia na yeye hakuwa mtu wa kukanyaga zulia la watu na viatu. Akaja pekupeku kwenye plastiki ile ya moto. Alikuwa ameona mjukuu wake anapiga hivyo mbele ya halaiki na hakuna mtu hata mmoja aliyeinuka. Aliwaona wote pale hawana adabu, akawafundisha. Leso ikatua begani mwangu, ikinukia udi na sanduku lake la nguo, naye akanizunguka mara moja, mikono juu, akipiga vigelegele. Sikukatiza. Nilipiga pumzi ya tatu na ya nne kama sijamwogopa jirani yeyote duniani. Sijapiga vile tena.

Tulipotoka uwanjani, Mkurugenzi alinijia nyuma ya malori ya vyombo pamoja na walinzi wawili, Bibi katikati yao. Bibi hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa amejiweka sawa mtandio, anatabasamu, kama mtu anayengoja kutambulishwa kwa wenyeji. Mkurugenzi akaniuliza kwa Kiingereza kama namjua mama huyu. Nilijua nikisema ndiyo kipande kinakwenda kwa msichana mwingine kesho yake asubuhi. Nikasema simjui. Akanitazama, akauliza tena kama nina hakika. Nikasema sijawahi kumwona. Mlinzi mmoja akasema basi ni Msomali tu aliyepotea njia, na wenzake wakaridhika, kwa kuwa hapa kwetu kila mama aliyejifunika ni Msomali na kila Msomali amepotea njia. Kisha Mkurugenzi akanyoosha kidole begani mwangu, akaniambia nimrudishie kitambaa chake. Nikaivua leso, nikaikunja, nikampa Bibi mkononi. Kiingereza hakukijua. Lakini kurudishiwa tuzo alikujua, na hapo tabasamu likamtoka.

Walimtoa nje hadi langoni. Alikaa kwenye ukingo wa barabara mpaka Mama alipoamka.

Mama alituendesha nyumbani, mimi na Bibi tumeketi nyuma. Tulipoikaribia nyumba Bibi akauliza, taratibu, bila kunigeukia.

"Wale watu wamekuuliza nini, mwanangu?"

Nikamjibu kwa Kiswahili. Kiangazi kizima sikuwa nimemtamkia sentensi nzima ya Kiswahili, na hii ndiyo ya kwanza. "Wameniuliza wewe ni nani. Nimewaambia ni bibi yangu."

"Na leso?"

"Ni sheria yao. Hairuhusiwi."

Akanishika goti. "Basi si kitu. Kila nchi na ada zake."

"Good girl," Mama akasema kutoka kwenye usukani. "Umeona, Mama? Huyu ni wako kabisa."

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Waongo! Yangu imefika mbali sana. Siku ya pili Bibi alipiga simu Mombasa, nikamsikia akimweleza dada yake jinsi walinzi walivyomshika mkono, jinsi mjukuu wake alivyosimama mbele ya Wazungu na kusema huyu ni bibi yangu. Akapiga simu nyingine. Akaongeza chumvi kidogo kila mara, kama ilivyo haki ya msimulizi, hadi mimi nikawa nimewafokea. Tulikatwa alama, tukawa wa pili, na katika safari iliyofuata watoto wakamlaani yule mama kichaa basi zima, nami nikicheka nao. Kipande nilibaki nacho hadi msimu ulipokwisha. Bibi hakuomba tena kuja kunitazama, na mimi sikumwalika. Aliondoka kabla ya theluji. Miaka mitatu baadaye akafariki, na katika matanga yake shangazi mmoja akasimulia habari ile kwa simu, sauti ikikatika kwa kilio, kama ushahidi kwamba marehemu hakutupwa na damu yake. Mama yangu anaiamini hadi leo. Atausoma ukweli hapa, na sijui nitaingiaje nyumbani kwake Jumapili.

Siku hizi nafanya kazi kwenye maabara ya hospitali moja Saint Paul. Mambo yamebadilika, watu husema. Harusi zetu sasa hukodiwa kumbi kubwa, vijana wetu wanatuzwa hadi sakafu haionekani na hakuna mlinzi anayemgusa mtu. Kile kikosi nacho kimejifunza maneno mapya. Kinatangaza mtandaoni kwamba kinathamini tamaduni zote, na kimeweka picha za watoto wa kila rangi. Mwezi uliopita wakaniandikia kwamba wanatoa kitabu cha historia yao, wakaniletea kurasa nizitazame nifurahi. Nikajiona, katika sura ya vituko, nimesimama wima na tarumbeta mdomoni, leso begani, na Bibi kando yangu mikono juu, miguu mitupu. Chini yake wameandika: Mwanamke asiyejulikana avamia uwanja.

Avamia! Watu waliojisifu miaka yote hiyo kwamba hakuna mwingine duniani mwenye mchezo kama wao wamempata binti wa beni katika kurasa zao, na wakamweka ukurasa mmoja na picha ya mbwa aliyekimbia na fimbo ya ngoma. Nikaketi nikawaandikia barua ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika. Niliwapa jina lake na la baba yake. Niliwaeleza beni, lelemama, maana ya kutuza. Nikawaambia waliyemtoa langoni alikuwa ndiye mwamuzi pekee pale aliyejua anachokitazama, na kwamba wanapaswa kuona haya.

Mhariri alinijibu siku iyo hiyo, kwa adabu nyingi. Alisema habari ni nzuri mno na amesikitika, ila kitabu kimekwisha kwenda mtamboni. Akaongeza kwamba yeye ni mtu mwangalifu na hakuliandika neno "asiyejulikana" kwa kubahatisha. Kabla ya kuliandika aliitafuta ripoti ya mashindano yale, akaisoma. Nimeirudia barua yake mara nyingi nikitafuta pa kumshika, na sipaoni. Walimwuliza mtoto swali moja, tena mara mbili, wakaandika alichowajibu.