Baba Aliyeganda Mlangoni mwa Kanisa

Hadi leo sijaelewa kwa nini miguu iliyovuka mtaa mzima wa Hewa Bora igome mbele ya mlango. Mzee mmoja alikuja kumwingiza bintiye kanisani kwa harusi, akaganda kizingitini, nyayo kama zimegandishwa sakafuni.

Nyuma yangu mama mmoja akanong'ona: "Haiko bure. Mulozi hawezi kupita mu mulango ya Mungu." Nakiri, nami nilianza kumchunguza mzee mikono, nione kama ameshika hirizi ya kichawi.

"Ni maladi, bugonjwa ya Parkinson," mzee akasema polepole. "Bongo inatuma neno kwa miguu, neno inabakia mu njia."

"Mu njia gani, papa?" akauliza mpokea wageni, akikagua soli za viatu vya mzee.

Wazee wa kanisa wakataka mjomba amwingize binti, baba abaki nje aombewe.

"Bila papa, siingie," akasema bibi harusi. Akaomba chaki, akapiga magoti na gauni lake jeupe, akachora mistari kizingitini kama walivyofundishwa hospitalini. "Papa, ruka mistari. Usiwaze mulango."

Baba akaivuka, mmoja baada ya mwingine, mkono wa bintiye kwapani.

"Na ile chaki," yule mama wa nyuma yangu akanong'ona tena, "ilitoka kwa nani?"